Poda Juu ya Kiraka

Kiraka kilianza kwenye shavu la kushoto, chini kidogo ya jicho, ukubwa wa kifungo cha shati. Hakikuwasha wala hakikuuma. Kilikuwa kimepauka tu, kama mahali palipodondokewa na maziwa yakakaukia. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nashona nguo kwenye kibaraza cha duka moja Nachingwea mjini, na nilikuwa najua kujipaka. Basi nikakipaka poda.

Nalisema hili mapema kwa sababu sitaki mtu asome habari zangu akidhani naomba kuonewa huruma. Karibu miaka miwili nilikifunika kile kiraka kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na nilikifunika vizuri. Ningekuwa mvivu wa kujipamba, pengine leo vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vingekuwa vinanyooka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Poda iliyofika Nachingwea ilikuwa ya aina moja, nyeupe inayoelekea pinki, ya watu wenye rangi nyingine kabisa, lakini tulijua kuitumia hivyohivyo. Nilikuwa naichanganya kiganjani na mafuta ya mgando, napaka shavuni, halafu naongeza nyingine juu kwa sponji na kusugua mpaka uso wote unakuwa rangi moja. Midomo naitia rangi nyekundu. Nyusi nazipitishia wanja mara moja tu, mstari mnene. Wateja waliniuliza, "Somoe, wewe unatumia nini?" Nilipenda sana kuulizwa.

Baadaye nyusi zikaanza kupungua upande wa nje. Nikadhani ni wanja wa bei rahisi unazing'oa. Nikarefusha mstari. Ncha za masikio zikawa nene, nikavaa hereni kubwa zaidi. Kila mwili uliponiambia kitu, mimi nilikwenda kwenye kioo.

Siku moja, katika miezi ya kuvuna ufuta, nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja kwa pasi ya mkaa. Nikasikia harufu ya nyama. Nikadhani jirani anachoma mishikaki. Mwenye suruali, mwanamume aliyekuwa ameketi akingoja, akasema taratibu, "Dada, mkono wako."

Kidole changu cha mwisho kilikuwa kimelala kwenye ubavu wa pasi. Ngozi ilikuwa imekunjamana na kuachia nyama, na mimi sikuwa nimesikia maumivu yoyote. Nilikiondoa kwa sababu nilikiona, si kwa sababu kiliuma. Yule bwana alichukua suruali yake ikiwa nusu imenyooshwa akaondoka.

Kliniki ya ukoma na kifua kikuu ilikuwa na siku yake moja kwa mwezi. Tabibu aliniambia nifumbe macho, na kila atakaponigusa nionyeshe kwa kidole alipogusa. Alikuwa ameshika pamba aliyoisokota ncha. Nikafumba macho nikangoja aanze. Nikangoja sana. Mwisho nikamwambia, "Anza basi."

Akasema, "Nimeshamaliza."

Akanipa beseni ninawe uso. Poda iliposhuka aliinama akakitazama kiraka, ambacho sasa kilikuwa kimefika karibu na sikio. "Hiki unacho tangu lini?"

"Muda kidogo."

"Muda gani?"

Nikamwambia.

"Ulikuwa unakipaka?"

"Ndiyo."

Hakunigombeza. Ningependelea anigombeze. Aliminya kiwiko changu, akaniwekea kidole kwenye mshipa uliokuwa umevimba kama kamba, kisha akaandika kwenye kadi. Pakiti ishirini na nne, moja kila mwezi. Vidonge vya kwanza vya kila pakiti unameza mbele yake, na siku hiyo mkojo unatoka mwekundu. Aliniambia ukishaanza dawa huambukizi mtu. Aliyarudia maneno hayo mara mbili ili niyapeleke nyumbani kama yalivyo.

Niliyapeleka kama yalivyo. Hayakusaidia kitu.

Mume wangu Saidi alikuwa ananunua mbaazi na ufuta vijijini na kuuza kwa wafanyabiashara wakubwa. Hakunipiga wala kunitukana. Alihamia chumba cha mbele, akasema godoro la ndani linamuumiza mgongo. Wiki iliyofuata dada yake mkubwa, Mwanaidi, akaja kutoka Ruangwa, kwao, akiwa na binti yake mdogo Rehema. Rehema alikuwa na miaka minne hivi na alizoea kushinda mgongoni kwangu kila wakija. Safari hii alipokimbia kunifuata, mama yake alimkamata mkono akamvuta nyuma kwa nguvu hata mtoto akaanguka.

Wifi yangu alikaa siku tatu. Katika siku hizo alinunua sahani ya bati, kikombe na kijiko, akavitia alama kwa rangi ya kucha. Rangi yenyewe ilikuwa yangu. Aliichukua kwenye kijaluba changu bila kuniomba, akachora msalaba mwekundu chini ya kila kimoja.

"Si kwa ubaya, wifi," alisema. "Ni kwa usafi."

Nilimtazama usoni nikasema, "Sawa, wifi." Kwa jibu lile la upole najilaumu mpaka leo.

Wanaokwambia dawa zitakuponya wanasema kweli, lakini hawakwambii zitakavyokubadilisha kwanza. Kufika pakiti ya tano ngozi yangu ilianza kuwa nyeusi, si weusi wangu niliozaliwa nao, bali weusi wa kuelekea wekundu, kama kahawa iliyoungua. Ikakauka na kupasukapasuka kama magamba, zaidi miguuni. Na kile kiraka kilichokuwa cheupe sasa kikawa cheusi kuliko uso wote. Poda yangu ya pinki ikanifanya niwe wa kijivu. Nilipopita sokoni nilionekana kama mtu aliyekung'utiwa gunia la unga kichwani. Wateja walianza kuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Mmoja alinipokea kitambaa chake kwa kutumia mfuko wa plastiki, ameuvaa mkononi kama glavu.

Nyusi sasa hazikuwapo kabisa. Kila asubuhi nilizichora, na kila asubuhi zilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mkono haukuwa na habari ya kalamu. Kalamu ilinivunjikia. Siku moja nilimaliza kuchora nikaona nyusi moja inametameta. Ilikuwa damu. Nilikuwa nimejikwaruza mpaka ngozi ikachubuka, na vidole wala paji la uso havikunipa taarifa.

Benchi la wagonjwa wetu lilikuwa nyuma ya jengo, jua la saa nne linalichoma lote. Waliokwenda chooni walipita mbele yetu wakiwa wameziba pua, ingawa harufu ilikuwa ya choo, si yetu. Tulikaa pale kuanzia asubuhi mpaka mchana. Hatukuzungumza sana. Watu husema wagonjwa hufarijiana. Sisi tulikuwa tunatazamana vidole kwa siri, kila mmoja akipima kama mwenzake ameliwa zaidi yake.

Kwenye pakiti ya saba ndipo Mama Rozina aliponisemesha. Alikuwa Mmakonde, alivuka kutoka Msumbiji zamani wakati wa vita, sasa akilima huko Likunja, upande wa Ruangwa. Umri wake sikuujua. Vidole vyake vyote vya mikono vilikuwa vimejikunja kama vya mtu aliyeshika mpini. Dawa alikuwa amemaliza miaka mingi nyuma. Alikuja kwa ajili ya kidonda cha mguu.

"Wewe mwanamke," alisema, sauti ya kusikika na benchi zima, "nani kakuchora mijusi usoni?"

Watu wakacheka. Nikamwambia anyamaze, ashughulike na mguu wake.

"Mguu wangu unaoza, najua. Wewe uso wako hujui." Akanisogelea. "Angalia hapa."

Alikuwa na nyusi nzuri, nyembamba kidogo, zimepanda na kushuka kama za mtu yeyote. Nilikuwa nimeziona mwezi uliopita nikamwonea wivu. Alitia mate kwenye kifundo cha kidole akajifuta moja. Ikaondoka yote. Chini yake palikuwa pametakata kama goti.

"Masizi ya kibatari na mafuta," alisema. "Kwa mikono hii. Wewe una vidole vitatu vizima na kalamu ya dukani, unatoka na mijusi."

Mwezi uliofuata nilikuja na kalamu yangu ya wanja na kioo kidogo. Sikumwambia kwamba nimeleta kwa ajili yake, lakini alijua. Alininyang'anya kalamu, akachana ukingo wa kitambaa cha kichwa chake, akaizungushia kalamu mpaka ikawa nene kama hindi changa. "Shika." Nikashika karibu na ncha kama nilivyozoea. Akanipiga mkono. "Huko chini unakandamiza. Shika mwisho kabisa. Ukishika mwisho hata ukitaka kukandamiza huwezi."

Nilishika mwisho. Kalamu ikawa inayumba. Akanionyesha nikalishe kifundo cha mkono kwenye mfupa wa shavu ili kitulie, kiwiko juu ya goti, halafu nisogeze kalamu kidogokidogo. Si mstari. Vijistari vifupi, urefu wa punje ya mchele, kimoja pembeni ya kingine, kama nywele zinavyolala. Vya mbele vinatazama juu, vya katikati vinalala, vya mwisho vinashuka. Anza katikati, kwa sababu pale unapoanzia ndipo wanja unapokolea, na nyusi iliyokolea mwanzoni humfanya mtu aonekane amekasirika.

"Nimekasirika," nikamwambia.

"Basi kasirika kwa mdomo. Usoni utulie."

Nilimchukia mwanamke yule, na mwezi mzima nilifanya kama alivyosema. Nilihamisha kioo kutoka chumbani, ambako kulikuwa na dirisha dogo, nikakitundika kwenye mwimo wa mlango wa uani ili uso utazame nje. Miaka yote nilikuwa najipaka gizani na kutoka juani. Nikajifunza kupaka mafuta kwanza, ya nazi, nikiwa natoka kuoga na ngozi ingali na maji, kisha kuyaacha yanywewe wakati nawasha jiko, kisha kukandamiza uso kwa kitambaa kikavu ili mafuta ya ziada yatoke. Wanja hauwezi kukaa juu ya mafuta. Nikaacha kusugua poda. Ngozi yenye magamba ukiisugua unayanyanyua, na poda inakaa chini yake kama unga kwenye nyufa. Nikawa naikandamiza, kidogo sana, mahali panapong'aa tu. Ile ya pinki niliitupa. Rafiki yangu mmoja aliyekwenda Dar es Salaam aliniletea ya kahawia, na hata hiyo haikulingana na mimi, lakini haikunigeuza kijivu. Kiraka niliacha kukifunika kwa tabaka nene. Nilipunguza tu ukali wa ukingo wake, kwa sababu jicho la mtu hukamata ukingo kabla ya rangi.

Mama Rozina alikuwa na kipimo kimoja. Simama hatua tatu kutoka kwenye kioo. Kama kitu cha kwanza unachokiona ni nyusi, futa.

Kwenye pakiti ya tisa mshipa wa kiwiko ulivimba tena, na mkono ukauma kwa ndani kama jino. Nilipewa vidonge vya kushusha uvimbe, na vidonge hivyo vikanivimbisha uso ukawa kama andazi. Macho yakawa madogo. Nilipoteza mifupa yangu yote ya kujipimia. Nilijifunza kukunja uso mbele ya kioo ili nione paji linapanda wapi, na hapo ndipo nikachora. Mwanaidi alipokuja alimwambia Saidi nikiwa nasikia, "Anasema anaumwa, mbona ananenepa?"

Saidi alicheka kidogo. Ule mcheko niliuweka moyoni kuliko sahani.

Agosti ya mwaka wa pili, mbaazi zikiwa zimeshavunwa, mdogo wao wa mwisho aliolewa huko Ruangwa. Nilikuwa kwenye pakiti ya kumi na nne. Saidi aliniambia si lazima niende, njia ni mbaya, nitachoka. Nikamwambia nimealikwa na bibi harusi mwenyewe, na gauni lake nimelishona mimi. Hilo lilikuwa kweli. Mwanaidi hakujua.

Asubuhi ile nilijipaka kama sijawahi kujipaka. Nilianza mapema, polepole, nikafuta mara mbili nikarudia. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua tatu nikamwona mwanamke mweusi mwenye uso mpana, basi. Hapakuwa na kitu cha kushangaza. Nilikaribia kulia kwa furaha, nikajizuia kwa sababu ya wanja.

Kule Ruangwa wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka uani wakichagua mchele. Nikawasalimia, nikakaa, nikachukua ungo. Wanawake wawili nisiowafahamu walinikaribisha, mmoja akanisifia kilemba. Labda robo saa ilipita. Sijui kama mnaelewa robo saa ya kuchagua mchele pamoja na watu ina thamani gani.

Mwanaidi akatoka jikoni. Aliuchukua ungo mapajani mwangu, akaumwaga mchele ule chini, kwa kuku. "Mchele huu unakwenda kuliwa na watu," alisema.

Nikamwambia, "Wifi, tabibu alishasema siambukizi."

"Tabibu hakai nyumbani kwetu." Akawageukia wenzake. "Mnamwona alivyokaa? Mnadhani huyu ni mzima? Tazameni." Akashika ncha ya kanga yake, akanishika kichwa kwa mkono wa pili, akanifuta nyusi ya kulia. Alifuta kwa nguvu, mara tatu, kama anayefuta meza. Halafu akawaonyesha kanga ilivyochafuka.

Yule aliyenisifia kilemba alisogea pembeni. Nilimwona akisogea.

Nilichofanya sikukipanga. Nilifungua mkoba nikatoa kioo na kitambaa, nikajifuta nyusi ya pili mwenyewe, ili wasione nusu wakadhani wameona yote. Nikakaa na uso wangu mtupu katikati ya mkeka. Nikawatazama mmoja mmoja. Wengi waliinamia mchele. Kisha nikatoa kalamu iliyofungwa kitambaa, nikalaza kifundo cha mkono shavuni, nikaanza kuchora. Sikuharakisha. Kijistari kimoja, kingine, kingine. Mwanaidi alisimama juu yangu muda wote, kanga mkononi, akingoja nilie ili apate la kufanya. Nilipomaliza upande mmoja nikaanza wa pili. Nilipomaliza wote nikatia vitu mkobani, nikasimama.

Saidi alikuwa mlangoni. Sijui alikuja lini.

"Umenitia aibu," aliniambia tulipofika barabarani.

"Mimi au dada yako?"

"Wewe. Nilikwambia ubaki nyumbani."

Nikamjibu kwamba nyumbani sibaki tena. Nilirudi Nachingwea peke yangu, na kabla wiki haijaisha nilikuwa nimefunga cherehani yangu kwenye baiskeli ya mtu tukaisukuma mpaka Kiegei, kwa mama yangu. Talaka ilinifuata huko kwa barua. Nilitia alama ya kidole kupokea, na karani akanitazama kidole kuliko barua.

Mama yangu Kiswahili alikijua cha sokoni tu. Hakuuliza kitu. Aliniwekea ugali na kisamvu kwenye sahani yake, akakaa akala upande wake, nami wangu. Siku ya pili aliniuliza kwa Kimwera kwa nini nachora uso wakati Kiegei yote inajua. Nikamwambia sichori kwa ajili ya Kiegei. Akaguna. Kesho yake nilikuta amehamisha mtungi wa maji kutoka karibu na mwimo wa mlango, ili nipate pa kutundika kioo.

Pakiti kumi zilizobaki nilizifuata kutoka Kiegei. Masika nilikwama mara mbili kwenye tope na kufika kliniki jioni imefungwa, nikalala kwa mtu, nikachukua dawa asubuhi. Sikuruka hata moja. Mama Rozina aliacha kuonekana kwenye benchi karibu na pakiti ya ishirini. Tabibu alisema amechukuliwa na watoto wake kurudi Msumbiji. Nilikuwa sijawahi kumwambia asante, na yeye hakuwahi kunisifu. Mara ya mwisho aliyonitazama nyusi alisema tu, "Ya kushoto imepanda."

Nilipomaliza dawa, ngozi ilirudi rangi yake taratibu sana, zaidi ya mwaka. Kiraka kilififia. Vidole viwili havikunyooka, na nyusi hazikuota. Nilirudi Nachingwea, nikapanga chumba karibu na soko, nikashona. Wateja wapya hawakuniuliza mambo ya zamani, na wale wa zamani walipojirudi niliwashonea, lakini kiti sikuwapa.

Ikapita miaka kumi na zaidi. Kila mtu alikuwa na simu mkononi sasa, na poda za kila rangi zilijaa madukani. Kwenye masika ya mwaka mmoja, mvua ikinyesha, mwanamke aliingia kibarazani kwangu akafunga mwavuli. Nywele zilikuwa zimeota mvi, lakini nilimjua kwa jinsi alivyotazama mahali pa kukaa kabla ya kukaa. Nyuma yake alikuwepo msichana mrefu.

"Wifi," alisema Mwanaidi.

"Mimi si wifi yako."

"Somoe, basi. Huyu ni Rehema."

Msichana akanisalimia, "Shikamoo, anti." Nikaitikia marahaba. Mama yake akamgeuza uso kwenye mwanga. Kwenye shavu, karibu na taya, kulikuwa na kiraka kilichopauka, ukubwa wa kifuniko cha soda.

"Ijumaa wanakuja wenye posa," alisema Mwanaidi. "Mwalimu wa shule, familia ya watu wazuri. Nimejaribu kumpaka, kinaonekana. Wewe unajua kufunika. Watu wanasema hakuna anayejua Nachingwea yote kama wewe."

Nilichomoa uzi mweupe kwenye cherehani, nikausokota ncha. Nikamwambia Rehema afumbe macho. Nikamgusa paji, akaonyesha paji. Nikamgusa kidevu, akaonyesha kidevu. Nikamgusa kwenye kiraka. Akabaki ametulia, mkono mapajani, akingoja. Mama yake aliona.

"Kliniki ni kesho," nikasema. "Kwanza kliniki. Halafu Ijumaa nitampaka."

"Akionekana kliniki posa imekufa."

"Basi ife."

Mwanaidi akaweka mwavuli chini. Sauti yake ikatetemeka, na haikuwa kwa majuto. "Ni wewe uliyemwachia. Ulikuwa unambeba mgongoni. Ulituficha miaka miwili ukijipaka, ukatupakulia chakula. Leo unanipa amri."

Lile lilinipata penyewe. Nilikuwa nimeshajiuliza kabla hajamaliza kusema, tangu nilipoona shavu. Baadaye nilimuuliza tabibu, akasema hawezi kujua ni nani na hakuna atakayejua, ugonjwa huu hukaa mwilini miaka kabla ya kujitokeza, na uliwahi kuwapo kwenye nyumba nyingi kabla ya yetu. Lakini siku ile sikuwa na tabibu.

"Huenda ni mimi," nilimwambia. "Na kama ni mimi, ni kwa ile miaka niliyokipaka poda nikanyamaza. Sasa wewe unataka nimpake na yeye." Nikauweka mkono wangu wa kulia juu ya meza ya cherehani, vidole viwili vimejikunja kama vinavyojikunja siku zote. "Rehema, tazama. Kiraka changu kilikuwa kama chako. Hiki ndicho nilichonunua kwa poda."

Mwanaidi alimshika binti yake mkono ili waondoke. Rehema hakuinuka. Aliutazama mkono wangu muda mrefu, kisha akautoa wake kwenye mkono wa mama yake, taratibu, bila kumvunjia heshima.

"Anti," aliuliza, "kliniki inafunguliwa saa ngapi?"

Alipewa pakiti sita tu, kwa sababu kiraka kilikuwa kimoja na mishipa yote mizima. Ijumaa ile nilimpaka kama nilivyoahidi, kidogo, ukingo tu. Yule mwalimu aliambiwa ukweli na Rehema mwenyewe, akachukua mwezi mzima kufikiri, kisha akarudi. Kwao hawakufurahi. Mambo yao ni yao.

Wewe unayesoma ukiwa na kiraka kisichowasha, jua kwamba sina neno tamu la kukupa. Mtu fulani atasogea mbali nawe kwenye mkeka. Jifunze kujipaka kama unapenda, mimi napenda mpaka leo, lakini nenda ukaguswe na pamba kwanza.

Miezi ile sita nilimsindikiza Rehema kliniki. Mama yake alikuja kila mara, na kila mara alisimama mbali, upande wa pili wa ua, juani, amejifunika kanga mpaka puani, asije akaonekana kwenye benchi letu. Nilimwacha asimame. Sikumwita hata mara moja. Mwezi wa mwisho jua lilikuwa kali, na miguu ilikuwa imemvimba. Alikuja taratibu, akatafuta nafasi kwa macho, na nafasi ilikuwa moja tu, pembeni yangu. Nikakiondoa kikapu changu. Akakaa. Hakunitazama, nami sikumtazama. Bega lake liligusa langu kwa sababu benchi lilikuwa limejaa, na tulikaa hivyo mpaka jina la Rehema lilipoitwa.